Sabufa ni Chagizo, si Kiima

Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, jirani yangu alibisha hodi mlangoni pangu yapata saa tatu na nusu usiku. Ni mwalimu mstaafu, mama wa heshima zake, aliyesomesha Kiswahili katika shule za sekondari tangu zamani, kabla mimi sijajua kutofautisha irabu na konsonanti. Nilimkaribisha, akakataa kiti. "Daktari," akasema kwa upole, "sikuja kukukataza muziki, mwanangu. Muziki naupenda. Lakini huo wimbo wako haufiki kwangu. Kinachonifikia ni miguu yake tu." Kisha akanieleza kwamba mjukuu wake, mtahiniwa wa KCSE, alikuwa upande wa pili wa ukuta akijaribu kudurusu, na dirisha la chumba chake lilikuwa likitetemeka kana kwamba lori limesimama nje na injini haijazimwa.

Niliomba radhi, nikazima chombo. Lakini kauli ile ya miguu haikunitoka akilini. Mimi ni mtu ambaye riziki yake ni sauti. Nimefundisha fonetiki chuo kikuu kwa miaka kadha, na huwahimiza wanafunzi wangu wategee sikio kila kinachotamkwa. Sasa mwalimu wa sekondari, bila ala yoyote ya maabara, alikuwa amenieleza kwa sentensi moja jambo nililopaswa kulijua kuliko yeye: ukuta wa mawe huzuia sauti nyembamba na kuziacha nzito zipite. Maneno ya wimbo, udi na vinanda, vyote vilikuwa vimebaki sebuleni mwangu. Jirani alipelekewa kishindo kitupu.

Kishindo chenyewe kilitoka katika sabufa. Nitalitumia neno hilo bila kuomba msamaha, maana ndilo walilo nalo watu. Walakini lina kasoro moja. Kwa maana yake ya asili, sabufa ni spika iliyoundwa kutoa sauti nzito sana, zile ambazo spika za kawaida za nyumbani haziwezi kuzifikia. Huku kwetu maana hiyo imepanuka. Ukimwambia mtu kwamba umenunua sabufa, ataelewa kuwa umenunua seti nzima: sanduku kubwa la kuwekwa chini lenye amplifaya ndani yake, pamoja na vispika viwili au zaidi vya kupangwa kando ya televisheni. Sisi wanaisimu huita mabadiliko ya aina hii upanuzi wa maana, na kwa kawaida hatuna ugomvi nayo. Lugha ni mali ya wanaoisema. Safari hii lakini upanuzi huo umeficha swali muhimu, nalo ni hili: sabufa inakamilisha nini? Mtu akiona kwamba sanduku kubwa ndilo lililoipa seti nzima jina, atadhani ndilo chombo chenyewe, na vile vispika ni mapambo tu.

Wanafunzi wa sarufi watanielewa upesi. Katika sentensi "Watoto wale waliimba vizuri ukumbini", maneno "vizuri ukumbini" ni chagizo. Yaondoe, na sentensi itasimama wima. Liondoe neno "waliimba", ukabaki na watoto na chagizo lao, na hutakuwa umesema lolote. Sabufa ni chagizo la spika. Ni wachache mno wanaoinunua au kuipanga nyumbani kwa nia hiyo, na mimi mwenyewe, pamoja na shahada zangu, sikuwa miongoni mwao.

Hebu tuchunguze sauti zenyewe. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia takriban 20 hadi 20,000 kwa sekunde, na kizio cha kuihesabia ni hezi. Mwanamume anapozungumza, msingi wa sauti yake aghalabu huwa hezi 100 hadi 120 hivi. Wa mwanamke hukaribia 200. Sabufa iliyopangwa vyema hufanya kazi chini ya hezi 80 au hapo karibu. Hii ina maana kwamba takriban kila kitu kinachotuwezesha kuelewana kwa mazungumzo hakimo kabisa katika himaya yake. Simu ya waya ya zamani ilipitisha hezi 300 hadi 3,400 pekee. Msingi wa sauti ya baba yako haukupita katika waya ule, na bado ulimtambua kwa neno la kwanza, kwa sababu ubongo huujenga upya msingi huo kutokana na mitetemo iliyo juu yake.

Sasa tamka maneno haya: fuka, suka, shuka, vuka, zuka. Yanatofautiana kwa konsonanti ya mwanzo tu, na tofauti hiyo imo katika mkwaruzo wa hewa ulio juu sana. Nguvu kubwa ya "s", kwa mfano, iko juu ya hezi 4,000. Ni sauti dhaifu, nazo ndizo zinazobeba maana. Sauti nzito inapozidi, haitulii mahali pake. Huzifunika sauti zilizo juu yake, ilhali sauti nyembamba haziwezi kulipiza kisasi kwa kiwango kama hicho. Msikilizaji hubaki na "-uka" na kishindo, akakisia mengine.

Ndiyo maana hunisikitisha kumwona mwalimu akibeba sabufa hadi darasani kwa ajili ya somo la Kusikiliza na Kuzungumza, akawachezea wanafunzi 50 rekodi ya hadithi huku kitufe cha besi kimezungushwa hadi mwisho. Walio nyuma husikia mngurumo, kisha huulizwa maswali ya ufahamu, na wanaposhindwa huambiwa hawakuwa makini. Mwalimu mwenzangu, katika somo la namna hiyo izungushe besi hadi chini kabisa, uvipandishe vispika juu ya meza mbili mbele ya darasa, usawa wa vichwa vya watoto. Sanduku kubwa na likae kimya chini ya meza. Hasara hakuna.

Nisidhaniwe kwamba naichukia besi. Uzi mzito kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na spika ndogo ya rafuni, yenye koni ya inchi 4, haiwezi kuufikia mtetemo huo kwa nguvu yoyote ya maana. Ukisikiliza benga ya D.O. Misiani na Shirati Jazz kwa spika kama hizo pekee, gitaa la besi, ambalo katika muziki ule huzungumza kama mtu mzima barazani, hugeuka fununu. Hapo sabufa ina kazi halali. Ile ngoma inayopigwa kwa mguu na lile gitaa hurejeshewa kifua chao, na spika ndogo, zikiwa zimepunguziwa mzigo ambao hazikuumbwa kuubeba, hutoa sauti za katikati zikiwa safi zaidi. Faida hii ya pili haitajwi sana, nami naiona kuwa kubwa kuliko ya kwanza.

Nilikwenda kununua yangu Luthuli Avenue jijini Nairobi, mahali ambapo ukisimama dukani dakika tano hutaweza kusikia fikira zako mwenyewe. Muuzaji, kijana mchangamfu, alinionyesha sanduku lenye taa za rangi tatu na maandishi ya wati 10,000. "Mkubwa," akaniambia, "hii itawaamsha mpaka wa ghorofa ya tatu." Hilo ndilo lililokuwa sifa kuu ya bidhaa. Niliisoma karatasi kwa makini kama nisomavyo tasnifu ya mwanafunzi, nikakuta baada ya ile 10,000 herufi nne ndogo: PMPO. Wasomaji na wazijue herufi hizo. Hakuna kipimo kimoja kilichokubaliwa cha PMPO. Kila mtengenezaji hukokotoa apendavyo. Nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa kwa mfululizo huandikwa kwa wati za RMS. Tena iko njia rahisi ya kuumbua uongo. Geuza sanduku, usome bamba la nyuma linaloeleza umeme linaotumia. Likisema wati 60, basi halina namna ya kutoa 10,000 kwa mfululizo, kwani halikuunganishwa na mtambo wowote wa siri. Nimekwisha kulitumia bamba hilo darasani kama mfano wa matini inayojipinga yenyewe.

Kuna sheria nyingine ambayo muuzaji hatakwambia, nayo imepewa jina la Hofmann, mmoja wa waasisi wa kampuni ya Marekani iitwayo KLH. Mnunuzi hutamani mambo matatu: sanduku dogo, sauti inayoshuka chini sana, na nguvu kubwa kwa umeme kidogo. Hofmann alionyesha kuwa maumbile huruhusu mawili tu kwa wakati mmoja. Kwa hivyo kisanduku kidogo kinachotikisa mtaa kwa umeme kidogo kimetoa kafara ule uzito wa chini kabisa. Kinachopiga ni sauti za hezi 90 na 100, zile zinazovimba na kuyafunika maneno. Kuhusu masanduku yaliyozibwa na yale yenye tundu, nitasema kwa ufupi kwamba yenye tundu hutoa sauti kubwa zaidi kwa nguvu ile ile lakini chini ya kiwango chake huishiwa ghafla, ilhali yaliyozibwa hupungua polepole. Katika sebule ya kawaida nalipendelea lililozibwa. Hatimaye nilinunua la namna hiyo, dogo, la wati 100 za RMS, bila taa hata moja isipokuwa ile ya kuonyesha kuwa limewashwa. Muuzaji alinionea huruma.

Aliyekosa baada ya hapo ni mimi. Nililisukuma sanduku kwenye pembe ya chumba kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Pembe huongeza sauti nzito, maana sakafu na kuta mbili zote huirudisha mbele, na mwanzoni nilifurahi kupata nguvu za bure. Baada ya siku mbili nikatambua kuwa gitaa la besi lilikuwa limepoteza uwezo wa kuimba. Noti moja ilinguruma hadi vikombe kabatini vikajibu, zilizoifuata zikatoweka.

Chanzo chake ni hesabu ya shule. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Sebule yangu ina upana wa mita 3 na nusu. Wimbi ambalo nusu yake hutoshea sawasawa baina ya kuta mbili hurudi na kujijenga, na kwa upana huo mtetemo wake ni hezi 49. Sasa, hezi 49 ndiyo noti ya G katika uzi mzito wa gitaa la besi. Kila mpigaji alipoigusa G, chumba kizima kiliingia katika bendi bila kualikwa. Kila msomaji anaweza kuipima sebule yake: gawanya 343 kwa upana mara mbili, kisha fanya vivyo hivyo kwa urefu, nawe utazijua noti zitakazokuudhi kabla hujatoa hata senti.

Dawa si kununua sanduku kubwa zaidi. Dawa ni kulihamisha. Mitetemo ya hezi 80 ina wimbi la urefu wa mita 4 na ushei, na ya hezi 40 mita 8 na nusu; mawimbi marefu kiasi hicho hayayapi masikio yetu mawili, yaliyotengana kwa sentimita chache, njia ya kubaini yanatoka upande upi. Kwa hivyo sabufa, tofauti na spika, haina haja ya kukaa mbele yako. Mbinu niliyoitumia haina hadhi ya kidaktari lakini inafaa. Liweke sanduku mahali unapoketi wewe, juu ya kiti chenyewe ikiwezekana. Cheza wimbo unaoujua, ambao gitaa lake la besi hupanda na kushuka. Kisha tambaa kwa magoti ukifuata ukuta, kichwa karibu na sakafu, usikilize. Kuna mahali ambapo noti moja itanguruma, mahali ambapo besi yote itapotea, na mahali ambapo noti zote zitasikika kwa usawa. Hapo pa tatu ndipo pa kuweka sanduku, kwani njia ya sauti kutoka hapa kwenda pale ni sawa na ya kutoka pale kuja hapa. Binti zangu waliingia wakanikuta nikitambaa nyuma ya kabati la vitabu, nao hadi leo hawajaliacha jambo hilo lipite. Sabufa iko nyuma ya kiti cha pembeni, thuluthi moja ya njia kutoka ukutani.

Yapo mambo mengine matatu, na la kwanza ndilo lenye uzito. Nyuma ya sanduku kuna kitufe cha kuzungusha kinachoamua ni hezi ngapi sabufa ianzie kushuka chini. Wengi hukiacha mwisho, kwenye 150 au 200. Hapo sabufa huanza kusema kwa sauti ya mwanamume, na msomaji wa habari huonekana amejificha chini ya kochi. Kipimo changu ni taarifa ya habari. Cheza sauti ya mwanamume akisoma habari peke yake, bila muziki, ukatege sikio kwenye sanduku. Ikiwa unaweza kufuata anachosema, teremsha. Spika zangu hufika hezi 70 kwa mujibu wa mtengenezaji, nami nimesimama kwenye 80. Swichi ya pili, yenye alama 0 na 180, huamua kama koni ya sabufa itasukuma pamoja na za spika au kinyume chao. Mtu mmoja aigeuze huku mwingine ameketi kitini, na ichaguliwe ile inayojaza zaidi. Kiasi cha sauti nacho kipandishwe hadi utambue kuwa sabufa ipo, halafu kirudishwe nyuma kidogo. Ukiizima baada ya wiki na kuhisi chumba kimepungukiwa na kitu usichoweza kukitaja, umeipatia.

Hapo ndipo nilipobaini kosa langu la ule usiku wa Oktoba. Mwaka 1933, Fletcher na Munson, watafiti wa Bell Laboratories nchini Marekani, walichapisha michoro iliyoonyesha kuwa sikio huwa zito kwa sauti za chini, na zaidi sana pale muziki unapochezwa polepole. Mtu akipunguza sauti usiku ili asisumbue jirani, besi humpotea kwanza. Naye hufanya nini? Huinuka akaiongeza. Nilikuwa nimefanya hivyo hasa. Nilipunguza wimbo kwa ajili ya jirani, kisha nikaipandisha sehemu ile moja tu ya wimbo ambayo ukuta wetu hauwezi kuizuia.

Sheria tunayo: kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo ya kupita kiasi, na nafurahi kwamba waliozitunga walikumbuka neno hilo "mitetemo". Lakini viwango vya kelele hupimwa kwa desibeli za mizani ya A, ambayo kwa kuliiga sikio hupunguza hesabu ya mtetemo wa hezi 50 kwa desibeli 30 hivi. Mashine inaweza kusema nyumba iko kimya huku dirisha la mtahiniwa likicheza. Katika jambo hili namwamini jirani kuliko mashine.

Desemba, mitihani ilipokwisha, nilimwalika Mwalimu aje kusikiliza. Safari hii aliketi. Alitaka taarabu ya Zein l'Abdin, na kwa muda mrefu hatukusema kitu, tukiusikiliza ule udi na yale maneno, kila konsonanti mahali pake. Wimbo ulipokwisha akauliza, "Daktari, kumbe lile dude lako uliliuza?" Nilimwonyesha nyuma ya kiti alichokalia, taa yake ikiwaka. Tukacheza benga, na mara hii alilisikia gitaa likipanda na kushuka, akapiga kiti kwa kidole. Kesho yake aliniletea majibu ya upande wa pili, maana nilikuwa nimemwomba asikilize akiwa kwake pia. "Miguu bado inakuja," aliniambia, "lakini sasa imevua viatu."

Mwaka huu mjukuu wake wa pili yuko kidato cha nne. Ifikapo saa tatu usiku mimi huizima sabufa, nikaziacha spika mbili ziendelee peke yake.